Dirisha la Kusikilizia

Mimi nilitaka ukimya, na sioni haya kusema hivyo. Vita ilikuwa imetuchosha masikio. Haukupita muda mjini kwetu Butembo bila mlio mahali fulani: risasi kwenye kilima cha ng'ambo, lori la wanajeshi, mtu akigonga lango na kudai afunguliwe. Mwanangu wa mwisho alikuwa anajikojolea kila mlango unapobamizwa. Kwa hiyo nyumba yetu mpya ilipofika kwenye madirisha, nilimwambia mume wangu kwamba mbao sitaki, chuma sitaki. Nataka yale ya alumini yenye vioo viwili, kama wanayoweka matajiri. Nilikuwa nimeambiwa kwamba ukiyafunga, dunia inabaki nje.

Mume wangu alikuwa na lori la kubeba mizigo kutoka Kasindi mpakani, na maneno yake yalizidi mizigo. Yeye aliwaza baridi, vumbi, na hasa jirani atasema nini. Tulipatana haraka, jambo lisilo la kawaida kwetu.

Aliyebaki ni mama yangu. Mama alitufikia kutoka Beni akiwa na kitenge alichovaa na mwiko mkononi. Jioni aliyokimbia, mvua ilikuwa kubwa, naye alikuwa anasonga bugali katika jiko la nje, la mabanzi, lisilo na mlango wala dirisha. Baba alikuwa ndani ya nyumba na redio yake, amefunga kila kitu ili maji yasiingie. Mtaani kwao, wale watu wa mapanga wakionekana, jirani wa kwanza hupiga sufuria, anayefuata hupiga yake, mpaka watu wote wajue. Mama alisikia. Baba hakusikia. Mama alimwita kwa nguvu zake zote, mvua juu ya bati ikaimeza sauti yake, na majirani walikuwa tayari wanapita uani wakikimbia. Akakimbia nao. Baba tulimzika bila kufungua jeneza. Hayo aliniambia mara moja tu, na mimi sikuthubutu kuuliza zaidi.

Nilimchukua mama tukachague madirisha pamoja, nikidhani kuona vitu vipya kutamchangamsha. Muuzaji alikuwa Mwislamu wa makamo, mwenyeji wa Beni aliyehamishia biashara yake kwetu. Dukani alikuwa amejenga kibanda kidogo chenye nafasi ya dirisha moja. Anapachika dirisha unalotaka kujaribu, unaingia, anakufungia, kisha nje anawasha jenereta, groupe kama tunavyoiita, ili usikie tofauti mwenyewe.

"Ya Chine iko na bei muzuri, mais kampira yake ya kuziba inachoka mbio," alisema. "Ya Dubai iko katikati. Sasa hii ya Turquie, Maman! Groupe inanguruma hapa, wewe ndani unasikia kitu hapana."

Mama alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu. "Papa, zimisha groupe," akasema. Akafungua mfuko wake akatoa ule mwiko, na kifuniko cha sufuria yangu, ambacho sikujua amekibeba. Akanigeukia. "Mutoto wangu, baki huku nje, upige."

Wateja wengine walicheka. Nilitamani ardhi ipasuke. Mimi, mama wa watu, nimesimama katikati ya duka napiga kifuniko kwa mwiko, na mama yangu amefungiwa kwenye kibanda akinitazama kupitia vioo viwili bila kupepesa macho. Kwa dirisha la Turquie alitoka akauliza, "Ulipiga?"

"Nilipiga, mama. Si uliniona?"

"Nilikuona. Sikusikia." Kwa la Dubai alisema vilevile. Kwa lile la Chine alitoka akitikisa kichwa kwa kuridhika. "Hii nilisikia. Tutabeba hii."

"Maman, ile ndiyo mubaya ya byote," muuzaji akasema. "Inapitisha."

"Ndiyo minatafuta. Yenye kupitisha."

Muuzaji aliutazama mwiko, kisha akamtazama mama. Akamuuliza alikuwa akikaa Beni upande gani. Mama alipomtajia, alisema polepole, "Pole, Maman. Na sisi tulikuwa pale." Kutoka hapo hakusifu tena dirisha lolote.

Nyumbani nililipuka. Nilimwambia kwamba hapa si Beni, na kwamba watoto wangu lazima walale.

"Balale," mama akanijibu. "Siko nakatalia batoto. Mais mu nyumba, mutu mumoja asikie. Mie muniwekee kioo kimoja tu, chumba cha karibu na lango. Na hata hicho sitafungaka."

Basi tukafanya hivyo. Nyumba nzima ikapata ya Turquie, na mama akapata kioo chake kimoja, kikaharibu sura ya mbele ya nyumba, na mume wangu akanung'unika. Mtoto aliacha kujikojolea. Mimi nililala usingizi niliokuwa nimeusahau. Asubuhi nilimuuliza mama kama amelala, naye alijibu siku zote neno lilelile: "Nililala muzuri." Kisha mchana alisinzia juu ya maharage anayochambua, nami nikamtania kwamba kwa kulala anawashinda hata paka wa parokia. Alicheka. Nilidhani ni uzee.

Presha ndiyo iliyomchukua, wakati ambapo hata milio ilikuwa imepungua. Baada ya matanga mume wangu alileta dirisha la Turquie kwa ajili ya chumba kile, ili mbele ya nyumba pafanane. Nilimwambia aliweke stoo. Nikahamisha blanketi langu, nikalala kwenye kitanda cha mama, dirisha wazi kidogo kama alivyoliacha.

Baridi iliingia. Nilisikia mbwa, nikakaa. Nilisikia pikipiki, nikangoja mpaka ipite. Mtu alikohoa barabarani, nikasimama kabisa, mkono kwenye kitasa, tayari kuwaamsha wanangu. Kila nilipojilaza, kitu kingine kilisikika. Mama yangu aliishi hivi ndani ya nyumba yangu mpaka akafa, na nilimwita mpenda usingizi. Nililia mpaka jogoo wakawika.

Asubuhi mume wangu alinikuta jikoni. "Na kule, ulilala?" akauliza.

"Nililala muzuri," nikamjibu.