Ng'ombe wa Usagara na Chuo Asichokichagua Kwandu

Mzee Masalu alikunja suruali mpaka gotini, mbele ya ukoo mzima uliokusanyika kumpokea Kwandu kutoka masomoni, akamwonyesha mguu uliovimba. "Haya daktari wetu, anza na mimi niliyekusomesha." Watu wakacheka, wakapiga makofi. Kwandu hakuinuka. Alisema taratibu, "Baba mkubwa, siruhusiwi kukutibu. Shahada yangu hapa nchini haitambuliki." Masufuria ya pilau yalikuwa bado jikoni. Wote wakageuka kunitazama mimi, maana mimi ndiye niliyekuja pale Usagara, nje ya mji wa Mwanza, miaka ya nyuma kuwaletea habari za chuo alichosomea.

Ninyi vijana mnaoingia sasa kwenye kazi hii ya uwakala wa vyuo vya nje, nawaandikia mjue tuliifanyaje.

Siku ya kwanza kazini niliingia kama mfagiaji. Ofisi ilikuwa ghorofani, katikati ya mji wa Mwanza. Ukifungua dirisha unaona ziwa na mawe yake. Mkurugenzi, Bwana Projestus, akanikuta na ufagio.

"Umesoma mpaka wapi, Milembe?"

"La saba, bosi."

"Kisukuma je?"

"Hicho nimezaliwa nacho."

"Weka ufagio chini. Hawa wenye digrii zao wakifika vijijini wanapewa maji ya kunywa, halafu wanaagwa."

Ndivyo nilivyopanda cheo nikawa ofisa wa familia. Mkuu wa Udahili, yaani kitengo cha kumtafutia mtoto nafasi chuoni, alikuwa Madamu Sharifa. Yeye alitazama matokeo ya kidato cha sita na tahasusi, yale masomo matatu mtoto aliyochukua, akasema huyu anafaa kozi gani, nchi gani. Mimi nilikwenda nyumbani kwao.

Nilikuwa naipenda kazi ile, sitaficha. Msimu wa matokeo ofisi ilijaa kina mama wenye vitenge vya sikukuu, wanauliza kama huko Ulaya mtoto atapata ugali. Nilisaidia kufunga michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa na dagaa kwenye mabegi mapya. Uwanja wa ndege tulilia kama waliofiwa, halafu tukapiga picha. Mpaka leo nikisikia ndege inapita juu ya ziwa huwa nainua macho.

Lakini kozi haikuchaguliwa ofisini. Kwetu mtoto akisomeshwa kwa ng'ombe wa ukoo, ukoo ndio unaokaa kikao kuchagua atakachosomea. Mkurugenzi alilijua hilo vizuri. Alinifundisha hivi: "Ukifika, usiulize mtoto anataka nini. Uliza nani katoa ng'ombe, kaa karibu naye."

Kikao cha Kwandu nakikumbuka kama jana. Wanaume kwenye viti, mtoto mwenyewe jikoni na wanawake, anachambua mchele. Kwandu alikuwa ameniambia pembeni kwamba anataka kusomea ufugaji wa samaki. Alikuwa ameona vizimba vya kufugia samaki ziwani, akapata na chuo kizuri, kikongwe, kinachotambulika. Nikalifikisha neno lake kikaoni.

Mzee Masalu, kaka mkubwa wa baba yake, akaruka. "Samaki? Niuze ng'ombe mtu akasomee samaki? Kwani wavuvi wa hapa wamefundishwa na nani?"

"Na mzungu gani anajua sangara kuliko mimi?" akadakia mwingine. Kicheko.

Mama yake Kwandu akasema kutoka jikoni, "Shemeji, mtoto ana akili, msikilizeni basi."

"Akili hizo hizo zikatibu watu. Dada Milembe, chuo cha udaktari kipo hakipo?"

Kilikuwepo. Mkurugenzi alikuwa amenituma nacho. Kilikuwa chuo kipya, na ofisi yetu ililipwa na chuo kwa kila mwanafunzi tuliyempeleka. Kile kikongwe cha samaki hakikuwa na mpango huo nasi. Kabla sijaondoka mjini nilimuuliza Mkurugenzi mbele ya Madamu Sharifa, "Bosi, chuo hiki kina ithibati?" Ithibati ndiyo kule kutambuliwa na mamlaka, bila hiyo mtoto akirudi na udaktari hapati utarajali, ule muda wa kufanya kazi hospitalini chini ya wakubwa kabla ya leseni.

Projestus akacheka. "Milembe, wewe kazi yako Kisukuma. Ithibati inashughulikiwa, au siyo, Madamu?"

Madamu Sharifa akainamisha macho. "Inashughulikiwa."

Nikaenda nikawaambia wazee walivyosema wakubwa. Zizi likabaki na ndama, Kwandu akapanda ndege.

Niliacha kazi wiki ile ya pilau ya Usagara. Sina kiinua mgongo, nafuga kuku. Vijana wenzangu wa zamani wakinipitia tunakumbushana safari zetu, tunacheka sana, kisha mmoja anataja jina la Kwandu na kila mtu anaaga. Siku hizi anauza sabuni na vocha kwenye kibanda Mkolani. Ukimwamkia anakuamkia vizuri, ila ukimwita daktari anaingia ndani. Mama yake hajawahi kunilaumu. Nikipita kwake ananipa kiti, anaendelea kuchambua mchele wake.

Nasikia watu wanasema ni ujinga wa wazee wa Kisukuma kuchagulia watoto. Wazee walichagua kwa kile walichoambiwa. Waliowaambia wana majina. Projestus amefungua ofisi nyingine Butimba, bango lake lina watoto wamevaa makoti meupe. Sharifa yupo naye mezani.

Bwana Projestus, Madamu Sharifa, wazazi wanapanda ngazi zenu wiki hii. Wajibuni wao kwanza, kisha mumjibu Kwandu: siku ile mlipoitikiana mbele yangu, mlijua kwamba chuo kile hakitambuliki, au hamkujua? Ndiyo au hapana. Na jibu lolote mtakalotoa, semeni nani atamrudishia binti yule miaka yake.