Babu na Korongo wa Mwezi wa Tatu

Mwezi wa tatu uliopita nilikuwa nikianika nguo uani, hapa Isiolo, nikasikia jirani akiita watoto wake watoke waone korongo. Nilitazama juu mara moja tu, na nikuambie ukweli, sikufurahi. Niliingia ndani nikakaa.

Babu yangu alikuwa askari wa Mwingereza. Alipigana Burma, akarudi na darubini. Miaka ya sabini, kila mvua ndefu ilipokaribia na korongo wakaanza safari ya kurudi Ulaya, alituchukua wajukuu hadi kilima kimoja upande wa Leparua. Nyanya alitufungia anjera, chapati zetu laini za Kisomali, iliyopakwa samli, na chai ya maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi. Jua likishapanda, wageni wetu walifika, weupe, ncha za mabawa nyeusi, wakizunguka juu bila kupiga bawa. Wengine walitua kula panzi, na babu alicheka: "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mzee yule alitembea kidevu juu. Nyanya alimtania kwamba iko siku ataanguka shimoni kwa kuangalia mawingu.

Lakini pia alimwonya. Vita vya shifta, vya Wasomali waliotaka kujitenga na Kenya, vilikuwa vimeisha, hofu haikuwa imeisha, na Msomali mwenye darubini kilimani angewaeleza askari nini akaaminiwa? Babu alimjibu kwamba yeye alivaa sare kabla hao vijana hawajazaliwa.

Basi mwaka mmoja, zamu yangu ya darubini ikikaribia, wakatokea askari wa doria.

"We mzee, unachungulia nini?"

"Korongo, afande. Si hao hapo juu, angalia mwenyewe."

Askari hakuangalia. Hilo huniudhi hadi leo. Anga lilikuwa limejaa, naye hakuinua hata shingo.

"Wacha uongo. Nani amekutuma uangalie barabara?"

"Hakuna mtu amenituma. Mimi nilikuwa askari kama nyinyi, hata medali niko nayo nyumbani."

Wakamkalisha chini mbele yetu, mikono kichwani. Kila alipojaribu kueleza, walimwamuru aangalie chini. Kisha wakaondoka naye.

Alirudi baada ya magharibi, bila darubini. Nyanya alimwekea maji ya kuoga. Mwaka uliofuata korongo walipita juu ya paa letu, tukamkimbilia babu: "Awowe, toka nje, wamekuja!"

"Waangalieni nyinyi," alisema. "Mimi nimeshawaona."

Siku hizi kile kilima kimejaa nyumba za mabati, na korongo wanapita wachache. Hayo nimeyazoea. Nisichozoea ni siku ile, mwishoni mwa miaka ya themanini, wazee walipokuja nyumbani kumwombea marehemu babu dua. Mmoja baada ya mwingine walimsifu: mtu mnyenyekevu, miaka yote hiyo alitembea mjini bila kuinua macho. Wengine wakaitikia kuwa ni kweli kabisa.

Nyanya alikuwa amekaa nami nyuma ya pazia. Akanishika mkono, akaninong'oneza, "Hawa hawakumjua mume wangu."