Kimya cha Fundi Ulrich

Ulrich ni fundi cherehani wa Kisugu, mtaa wa Kampala, lakini kwao ni Bukavu, na kwa muda mrefu aliamini kwamba mtaa mzima hakuna anayemzidi akili. Msimcheke sana, mwenyewe amekwisha kujicheka vya kutosha. Akili hizo aliziokota kwenye simu, katika mashindano ya poka, akicheza na watu asiowajua huku mguu ukikanyaga pedali ya cherehani. Pesa hakuweka. Alicheza yale mashindano ya bure, ambayo ukishinda unapewa nafasi katika shindano kubwa zaidi, na huko ukishinda unapewa nafasi kwingine, hivyo hivyo mpaka mtu anazeeka.

Katika poka ya simu, zamu yako ikifika, saa ndogo inaanza kukuhesabia. Ukijibu upesi, wenzako wanajua una karata nzuri. Ukisitasita, wanajua unaogopa. Basi Ulrich akajifunza mbinu: kila uamuzi, mkubwa kwa mdogo, anauchelewesha sawasawa mpaka saa ikaribie kuisha. Hapo nani atakusoma? Mbinu ikamkolea hata akaitoa kwenye simu na kuanza kutembea nayo mjini. Mteja akiuliza gauni litakuwa tayari lini, Ulrich ananyamaza, anatazama dari. Muuza rolex, zile chapati za kukunjwa na mayai, akiuliza atie mawili au matatu, Ulrich anafikiri, chapati inaungua. Alidhani watu wanasema, huyu jamaa ni mtu mzito. Kumbe walikuwa wanaulizana kama masikio yake ni mazima.

Haya yote yangekuwa mchezo tu, lakini kulikuwa na Annick. Annick anauza vitenge Old Kampala, na Ulrich anampenda kwelikweli, si mapenzi ya kupitisha muda. Akimwona anakuja tu, sindano inamchoma kidole. Siku ya Krismasi, wakitoka kanisani, Annick alimuuliza kama awaeleze watu wa kwao habari zao wawili, kwa sababu mjomba wake angekuja kutoka Bukavu na asingependa kukuta mambo ya gizani. Jibu lilikuwa mdomoni, linamsukuma meno. Lakini akajiambia, tulia wewe, ukikubali upesi utaonekana mwepesi. Akamsindikiza mpaka mlangoni kwao bila kusema neno, mikono mgongoni, anajiona waziri. Annick hakuuliza tena.

Pasaka ilipokaribia, mjomba akafika. Annick, ambaye roho yake ni kubwa kuliko ya wengi wetu, akampa Ulrich nafasi ya pili. Akamwambia atamleta mzee apimwe suruali, na hapo hapo mzee atauliza analotaka kuuliza.

"Akikuuliza, jibu," alisema. "Ni hilo tu."

Mtu mwenye akili za kawaida angezima simu siku hiyo. Ulrich? Thubutu. Mchana huo shindano lilikuwa limebakiza watu tisa, na nafasi za kusonga mbele zilikuwa nane. Hapo ndipo mbinu inapolipa: huingii vitani, unavuta muda tu, mpaka mwingine ashikwe na pupa atolewe. Kwa hiyo simu akaiegemeza kwenye cherehani, mahali ambapo angeiona hata akiwa amemzunguka mzee na tepu ya kupimia.

Mjomba alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya chini. Akainua mikono, Ulrich akapitisha tepu kiunoni, na kabla hajasoma namba mzee akauliza bila kuzunguka.

"Kijana, mtoto wetu unamtaka?"

Annick alikuwa amesimama mlangoni, ameshika pazia. Na kwenye simu, jamani, zamu ya Ulrich nayo ikafika. Akili zake zote zikampanda kichwani kwa pamoja, akawapa wote wawili jibu lile lile: kimya. Alikaza macho kwenye tumbo la mzee na kujiona anakwenda vizuri sana. Mzee alisubiri, mikono juu, jasho likimtoka kwapani. Cherehani ya jirani ikasimama, maana mama wa pale naye alitaka kusikia. Mahali fulani duniani mtu mwenye pupa akaweka chipu zake zote, zile sarafu za mchezo, akatolewa. Simu ikapiga muziki wa pongezi. Ulrich amepata nafasi.

Naye, aibu gani hii, akatabasamu.

Mzee alishusha mikono polepole, akajifungua tepu mwenyewe, akamkabidhi, akasema asante kwa upole ule wa watu wanaoaga msibani. Alipogeuka, Annick alikuwa amekwisha kutoka, akamfuata.

Hapo ndipo jibu lilipomtoka Ulrich, nalo halikuwa na wa kulisikia ila yule mama wa cherehani, aliyemwambia akimbie, mjinga wewe. Akakimbia na ndala moja, chaki sikioni. Aliwakuta kwenye stendi ya boda, Annick ameshakaa, mzee anatafuta pa kuweka mguu kwenye boda ya pili.

"Namtaka, mjomba," alisema, akihema. "Siku zote namtaka."

Mzee akasema yeye hana neno, amuulize mwenyewe. Ulrich akamgeukia Annick. Hakuwa amekasirika, na heri angekasirika.

"Tangu Krismasi nilikuwa najua unawaza juu yangu," alisema. "Kumbe ulikuwa unawaza namna ya kuonekana unawaza."

Ulrich akamwomba basi amjibu sasa. Annick akasema atafikiri. Akamgusa dereva begani, boda zikashuka kuelekea Kibuli.

Mjomba amekwisha kurudi Bukavu. Suruali Ulrich aliishona hata hivyo, kwa kukisia, akaituma. Akaambiwa imemkaa mzee vizuri. Kuhusu lile lingine hakuambiwa kitu. Poka ameacha, na ile nafasi katika shindano kubwa ilimpita akiwa anaitazama simu kwa sababu nyingine. Siku hizi ukimuuliza jambo anakujibu kabla hujamaliza, anaahidi kesho magauni ambayo hata hajayakata. Na simu ikiita tu anairukia, anasema ndiyo kabla ya kuuliza ni nani, na kwa kawaida ni mtu anayeulizia sketi yake.