Sauti ya Mama Kunguni

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, ana sauti ambayo ukiisikia mara moja huwezi kuisahau, na wala hapo simsifu. Inatokea puani kidogo, inaburuta, ni sauti ya mtu anayekwambia jambo ulilopaswa kulijua tangu juzi. Alipoolewa kwetu nilimwambia kaka, "Umetuletea king'ora." Kaka akacheka, akaendelea kula.

Mchuuzi mmoja wa dawa za wadudu ndiye aliyekigundua kipaji hicho. Alikuwa amechoka kupiga kelele juani, akamwomba wifi amrekodie maneno kwenye simu, ayacheze kwenye spika aliyoifunga nyuma ya baiskeli. Wifi akamwambia, "Lete hiyo dawa kwanza niione." Hakuwa na maana ya kuitazama. Aliimwaga kitandani kwake. Kaka yangu, mtu mzima na ndevu zake, alilala sebuleni juma zima akipiga chafya, mpaka wifi alipoinua godoro na kuridhika na maiti alizozikuta. Hapo ndipo akasema maneno yake: "Kunguni, mende, panya, viroboto. Weka leo, kesho fagia. Mimi nimeijaribu kwangu."

Hiyo ndiyo ilikuwa kawaida yake. Kuna mtu alimletea sabuni, akafulia, mikono ikambabuka, akamrudishia sabuni yake na maneno ya kutosha. Wifi ana kasoro zake, na mimi ninazijua zote kwa mpangilio, lakini hakuwahi kusema amejaribu kitu ambacho hakukijaribu.

Basi fundi simu wa pale sokoni akainakili ile rekodi. Akamgawia huyu, akamgawia yule, na kabla hatujakaa sawa kila mchuuzi wa sumu mjini alikuwa anatembea na wifi yangu kwenye baiskeli. Hata yule muuza majivu yaliyotiwa rangi naye alikuwa naye. Wifi alikwenda kumuuliza fundi, nami nikamfuata, maana ugomvi wa wifi sikosi.

"Mama, kwani nimekuibia nini?" fundi akasema, bila hata kuinua macho kwenye simu aliyoifungua. "Sauti si hiyo hapo bado unayo? Mwizi gani anaiba halafu kitu kinabaki kwa mwenyewe?"

Tuliporudi nyumbani, kaka akaongeza hekima yake: kitu kikishaingia kwenye simu hakina mwenyewe. Kaka huyo huyo hakusalimiana na jirani wa nyuma kwa sababu ya toroli lililochukuliwa bila yeye kuulizwa. Toroli lenyewe lilirudishwa, tena limeoshwa. Nilimkumbusha. Akasema toroli ni toroli.

Na wifi naye, niseme ukweli, alivimba kichwa. Watoto walimwita Mama Kunguni naye akaitika. Tukipita sokoni alikuwa anapunguza mwendo karibu na spika ili watu wageuke. Nikamwambia wanaogeuka wanatafuta panya alipo. Akanisonya.

Kisha akaja bwana mmoja mnene mwenye viatu vinavyong'aa, anauza maji ya mizizi kwenye chupa. Alisema yanaponya sukari. Alikaa kwenye kiti chetu kizuri, akanywa chai yetu, akaomba sauti. Wifi akamjibu, "Mimi sina sukari. Nitajaribuje dawa ya ugonjwa nisiokuwa nao? Siwezi kuisemea." Bwana akatabasamu, akasema hamna shida mama, akaaga kwa adabu. Adabu ile ingetutia shaka, lakini sote tuliona tumemshinda.

Haikupita muda, tukasikia. Mimi nilikuwa natoa nguo kwenye kamba, spika ikapita barabarani: "Sukari inakusumbua? Achana na vidonge. Kunywa maji ya mizizi, asubuhi na jioni. Mimi nimeijaribu kwangu." Ilikuwa sauti ya wifi, na pua yake, na mburuto wake. Nikaingia ndani na nguo begani nimtukane kwa kuchukua hongo, nikamkuta amesimama katikati ya jiko, mwiko mkononi, mdomo umefungwa. Alikuwa anajisikiliza.

Fundi simu ndiye aliyetufafanulia, tena kwa furaha, kama mtu anayeonyesha picha za harusi. Siku hizi ipo programu. Unailisha sauti ya mtu, kisha unaandika maneno unayotaka, nayo inayasema. Na sauti ya kuilisha haina hata haja ya kutafutwa, ipo kila baiskeli.

Jirani yetu wa ukuta ni mshonaji. Yeye na wifi wamekuwa wakisemezana juu ya ukuta ule tangu wifi alipoolewa kwetu, na siku hizo mshonaji alikuwa kimya. Tulidhani ana kazi nyingi, maana cherehani yake ilikuwa inalia. Baadaye cherehani nayo ikanyamaza. Tulipoingia tulimkuta mguu wa kukanyagia umevimba, kidole kina kidonda kinachotoa harufu, na dirishani chupa za maji ya mizizi zimepangwa. Vidonge vya hospitali alikuwa amevitupa.

"Kwa nini hukuniuliza?" wifi akamwambia. "Ukuta ule pale. Ungeniita tu."

Mshonaji akainamisha kichwa. "Nilikusikia unasema umeijaribu kwako. Wewe husemi hivi hivi tu, nakujua. Nikajua na wewe unayo sukari, umenificha. Nikaona nisikuaibishe."

Wifi akapiga magoti. Alimvika viatu, kiatu kimoja na kandambili moja, tukampeleka hospitali. Daktari alisema vidole viwili havina budi kukatwa, na mguu wote ungefuata kama angekaa siku chache zaidi. Njiani kurudi tulikutana na ile spika mara mbili. Mara ya pili wifi aliinama akaokota jiwe, nikamshika mkono. Hasira zangu zilikuwa nyingi kuliko zake, ila mimi najua mwenye baiskeli ni nani, ni mtu wa kutumwa tu.

Tukaenda ofisini, ile inayoshughulikia haki za watunzi. Jengo lina zulia na kiyoyozi na bango kubwa la kusema haki yako ni wajibu wetu. Afisa alitupokea vizuri. Alituambia sheria inalinda wimbo, inalinda kitabu, inalinda picha. Sauti ya mtu, sauti tupu, bado iko kwenye rasimu, na rasimu iko kwa wadau, na wadau wamekwenda semina. Kisha akamuuliza wifi swali ambalo nitakufa nalo: "Na una uthibitisho gani kwamba sauti ni yako?"

"Si hii ninayokujibia?" wifi akasema.

"Hapo inaweza kuwa ni kufanana," akasema yule msomi, akatukaribisha maji ya kunywa.

Basi wifi akaamua kusema kwa kinywa chake. Alisimama sokoni palipo na watu wengi, akasema yeye ndiye, dawa ile haijui, wagonjwa warudie vidonge vyao. Lakini alikuwa amelia siku kadhaa, koo limekauka, na miaka nayo imepita tangu ile rekodi. Watu wakamsikiliza kidogo, kisha muuza nyanya akasema, "Huyu anamuiga Mama Kunguni, ila hajampata." Wakacheka. Spika ikapita nyuma yao na sauti safi, isiyokohoa, nao wakaigeukia. Sijawahi kuwadharau binadamu wenzangu kama nilivyowadharau asubuhi ile, na huwa siwapendi sana hata siku za kawaida.

Nilidhani atarudi nyumbani alale. Alikwenda moja kwa moja kwa fundi simu, akanywa maji moto, akangoja koo lifunguke. Akarekodi: "Mimi ndiye Mama Kunguni. Sauti yangu imechukuliwa. Kuanzia leo, ukinisikia kwenye spika au kwenye simu nauza kitu, chochote, usinunue. Dawa ya sukari ni uongo. Na hata dawa ya kunguni usiinunue kwa sababu yangu. Msiniamini tena."

"Wifi," nikamwambia, "toa hapo pa kunguni. Ile ni kweli uliijaribu."

"Watajuaje ipi kweli?" akasema. Akamgeukia fundi. "Hii nakili. Mpe kila anayepita."

Fundi alimtazama kana kwamba amemtukana. Maisha yake yote hakuna aliyewahi kumpa ruhusa. Lakini alinakili, na watu wakaichukua kwa kuchekesha. Vijana wakaifanya mlio wa simu, makondakta wakaicheza, na ndani ya muda mfupi kila mtu mjini alijua kwamba Mama Kunguni haaminiki. Yule bwana wa viatu alihamisha chupa zake mji mwingine, na nasikia huko ametafuta sauti ya mzee mmoja mpole.

Kisha wakaja wachuuzi wa dawa za wadudu, kundi zima, wakajaa uani kwetu. Walikuwa na uchungu kwelikweli. Biashara imekufa. "Mama, umetuharibia," mmoja akasema. "Ungetuuliza kwanza." Mkuki kwa nguruwe. Watu hawa hawakuwahi kubisha hodi walipokuwa wanamchukua, leo wameligundua neno kuuliza. Nikawafukuza kwa ndoo ya maji ya kufulia, na kaka, kwa mara ya kwanza katika jambo hili, alifanya la maana: aliniletea ndoo ya pili.

Wifi sasa akienda sokoni anaonyesha nyanya kwa kidole. Akifungua mdomo tu, kuna mpuuzi atakayesema "msimwamini," na wengine watacheka. Nimegombana na wawili. Wa tatu nilimmwagia nyanya zake.

Mshonaji alipotoka hospitali tulikwenda kumwona. Amekaa kitandani, mguu juu ya mto, vidonge vipya kwenye kiti. Wifi akamwambia, "Kunywa dawa zako."

Mshonaji akatabasamu, akataka mzaha kama zamani. "Wamesema nisikuamini. Ni wewe au ni yule?"

Nilitaka kumfokea, lakini wifi alinizuia kwa mkono. Akachukua kidonge, akakiweka kwenye kiganja cha rafiki yake, akamimina maji kwenye kikombe, akakaa akimtazama mpaka alipomeza.