Galgota za Getini

Nashon alikuwa na mkono wa kupanda maua, na alijua hivyo kupita kiasi. Miaka kumi na mmoja alikuwa ametunza bustani ya Mama Lalita kule Westlands, na kila mwaka mama alinunua pakiti ya mbegu za galgota, maua yale ya rangi ya machungwa ambayo Wahindi hutungia mashada. Mwaka wa 1988, binti ya mama, Vidya, akikaribia kuolewa, Nashon akajipiga kifua: "Usinunue, mama. Nimeweka mbegu ya yale ya mwaka jana." Akapanda vyungu arobaini, vya kupangwa getini bwana harusi apite katikati.

Wiki tatu kabla ya harusi, ua la kwanza likafunguka. La manjano, petali tano tu, na ya mwaka jana yalikuwa makubwa kama ngumi! Akalinyofoa upesi, akalitia mfukoni. Kesho yake yakafunguka manne, na hakuna mawili yaliyofanana.

Jioni, nyumbani Uthiru, mkewe Milcah alimcheka.

"Si hiyo ilikuwa haibridi? Kwani mahindi ya haibridi unarudishanga shambani? Mwambie mama mapema. Mficha uchi hazai."

Kweli, kwamba mbegu ya mahindi ya haibridi hairudiwi, kila mtoto wa Vihiga kama yeye aliijua habari hiyo. Lakini nani alidhani ua nalo lina ukoo? Hakumwambia mama. Akawa anafika alfajiri, anachuma yote mabaya kabla mama hajaamka, akiomba yatakayofuata yatoke sawa. Na galgota ukiichuma ndiyo huzidi kuchanua. Mifuko ikawa haitoshi.

Siku ya nane alimkuta mama amesimama barazani.

"Nashon, naona wewe kwa dirisha siku mingi. Maua ya harusi ya mtoto yangu, wewe nauza wapi? Soko ya Ngara?"

"Haki ya Mungu, mama, mimi si mwizi!"

"Toa yote."

Akaipindua mifuko. Vikamwagika vimaua vilivyonyauka, vingine vidogo kuliko kifuniko cha soda. Mama Lalita akaokota kimoja, akakigeuzageuza.

"Hii?" Kicheko kikamponyoka. "Hii nani nanunua?"

Shaka ya wizi ikaisha papo hapo. Mama aliomba hata msamaha, kisha akaingia ndani kupiga simu aletewe maua mengine. Nashon alibaki pale uani, akitamani mama angemwita mwizi tena kuliko kuyacheka maua yake.