Kilio Kilichoitikiwa Kitale

Tulisikia sauti yake tukiwa bado nje. Tulikuwa tumechelewa kutoka Bungoma, na sauti ile ya mwanamke ilipenya madirisha ya ukumbi wa kanisa pale Kitale, ikipanda juu bila kipaza sauti.

"Huyo amefiwa," mama akasema.

"Si kufiwa, mama. Anaimba tu. Wazazi wake walitoka Ukraine."

"Ati anaimba? Mimi kilio nakijua, bana."

Nilimleta mama kwenye tamasha hilo la nyimbo kwa sababu tangu tumzike kaka yangu hakuwa amelia. Shangazi zangu walikuwa wameanza kunong'ona, na mimi niliogopa ule ukavu wa macho yake kuliko machozi yoyote.

Tukaketi nyuma. Mwimbaji alisimama kando ya piano, amefumba macho. Jirani akatunong'oneza kwamba wimbo ule alifundishwa na nyanya yake, aliyemwimbia mwanawe aliyekufa. Kwetu mwanamke haachwi alie peke yake. Anayemsikia humwitikia, hata akiwa njiani na mzigo kichwani. Mama akasimama, akaweka mikono kichwani, akaitikia kwa jina la kaka yangu.

Watu wote wakageuka. Mzee wa kanisa akaja mbio. "Mama, tafadhali, hapa tunasikiliza kimya."

"Mnamwacha alie peke yake?" mama akamuuliza, machozi yakimtiririka. "Nyinyi ni watu wa wapi?"

Akashikwa mkono, akaongozwa nje akilia. Nilikuwa bado naokota leso yake sakafuni mlango ulipofungwa nyuma yake.