Mhariri Aliyewatii Wahakiki

Mtaani humwita Bwana Pitio, na mwenyewe hudhani ni sifa. Amezeekea katika kazi ya uhariri wa jarida la jiografia la chuo, ndani ya chumba chenye meza moja, dirisha lisilofunguka na kibao cha shaba mlangoni. Mkewe husema chumba kile ndicho mke mkubwa.

Jarida lina desturi yake. Kila makala husomwa na wahakiki wawili, na lolote analolikataa mmoja wao, mhariri hulifuta bila swali. Desturi ni nzuri. Balaa ni wahakiki. Mmoja ni bingwa wa mito, anayeamini kwamba mto ndio uliochonga bonde la mji wetu. Wa pili ni bingwa wa milima, anayeshikilia kwamba bonde lilikuwapo tangu hapo, mto ukapita tu kama mgeni asiyealikwa. Kwa ajili ya bonde hilo hawajasalimiana tangu ujana. Bwana wa mito akikuta mlima katika makala, anaubomoa. Bwana wa milima akikuta mto, anaukausha. Waandishi walipong'amua hilo, wakaanza kuleta makala za upepo.

Mwaka huu mkuu wa chuo akabisha hodi.

"Mhariri, mnasema jarida lina historia. Toleo la historia hiyo lisipotoka kabla ya mahafali, chumba hiki nakichukua. Mhasibu hana pa kukaa."

Bwana Pitio akaiandika historia mwenyewe, kitabu kizima, tena tamu. Kisha akaanza kuifunga kwenye bahasha mbili.

"Baba watoto, unaipeleka wapi?" mkewe akamuuliza.

"Kwa wahakiki."

"Hao hao? Si ndio wenyewe walioanzisha hilo jarida na kuligombania? Ukiwapa kalamu watakuachia nini?"

"Utaratibu ni utaratibu, mke wangu."

"Sikio la kufa," akasema mkewe, akaendelea kukunja nguo.

Bingwa wa mito akafuta kila sentensi iliyomtaja mwenziwe. Bingwa wa milima naye akalipa kisasi kwa wino mwekundu. Mhariri akawatii wote wawili, na kwa kuwa ndio waanzilishi, jarida likajikuta halijaanzishwa. Zikabaki shukrani kwa mpiga chapa na maelekezo ya kutuma makala.

Toleo likatoka kabla ya mahafali. Bwana Pitio akalipeleka kwa mkuu, kifua mbele. Mkuu akaligeuza, akatazama nyuma yake kama anayetafuta lililobaki.

"Hongera, umewahi. Sasa kesho mhasibu ahamie."

"Lakini Mkuu, ulisema likitoka..."

"Nilisema lisipotoka nachukua. Sikusema likitoka naacha. Mzee wangu, jarida hili linakaa kwenye mfuko wa shati. Chumba cha nini?"

Mhariri alirudi nyumbani, akakalia kiti cha sebuleni na kumweleza mkewe kwamba uamuzi wa mkuu haujahakikiwa, hivyo hauna nguvu. Ameshaupeleka kwa mabingwa, na anavyowajua, lazima mmoja ataukataa.

Majibu yalikuja upesi kuliko ya makala yoyote. Kwa mara ya kwanza tangu ujana wao, mabingwa wamekubaliana: upite bila marekebisho.